Aliyesifu Shevroleti ya Baba

Watu wanasema mimi mkali. Ni kweli, na siku ya tamasha la magari ya zamani ya Kimarekani ukali huo ulinifaa.

Tulifika Sib, nje kidogo ya Maskati, asubuhi, mimi nikiendesha, na baba yangu, Bwana Amur, amekaa kando yangu na kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, kwa sababu haamini pasi ya mtu mwingine. Gari lenyewe ni Shevroleti ya mwaka hamsini na saba, kijani na nyeupe, gia yake iko kwenye usukani. Baba alilinunua Ruwi kwa Mmarekani mmoja wa mambo ya mafuta aliyekuwa akirudi kwao, si muda mrefu baada ya ukoo wetu kuhamia huku Omani kutoka Unguja. Ndani ya gari hilo mama yangu, Bakhita, alijifunza kuendesha huku mawifi zake wamemnunia. Ndani ya gari hilo akanifundisha na mimi. Mama hayupo tena, Mungu amrehemu, na nikishika usukani ule ndipo ninapomhisi karibu. Kwa hiyo aliyetaka kuninyang'anya alijitafutia mwenyewe.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na Kadilaki ndefu zenye mapezi nyuma kama papa, Buiki zilizofunguliwa boneti, vijana wanapigana picha, na watoto wanakatazwa kugusa wanagusa. Wazee wetu, wale waliozaliwa Unguja, walijikusanya penye gari letu wakinywa kahawa na kubishana ni nani aliyetangulia kuwa na gari la namna hii mjini. Baba alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu matanga ya mama.

Ndipo akaja Yaqoob. Yaqoob ni mtoto wa watu wetu, Kiswahili chake kama changu, kalelewa kama nilivyolelewa mimi. Ana Kadilaki nyekundu na ghala zima la magari mengine. Alikwisha kutuma watu nyumbani kutaka kulinunua gari la Baba, nikawarudisha mlangoni. Safari hii alikuja mwenyewe, akambusu Baba mkono, kisha akalizunguka gari polepole.

"Maashallah, Ami Amur," akasema kwa sauti ya kusikika. "Gari zuri hili. Sijaona mfano wake Maskati nzima."

"Tafadhali, lako," Baba akasema.

Ndivyo tulivyofunzwa. Mtu akikisifu kitu chako, kiwe kilemba au kikombe, unamwambia ni chake, naye anajibu, "Kikae kwako kwa baraka." Mnakunywa kahawa, yanakwisha. Hajapata mtu kuondoka na kilemba cha mwenziwe.

Yaqoob hakujibu hivyo. Aliwageukia wazee. "Mmesikia, jamaa. Ami Amur kanipa, na mimi nimepokea. Mwenyezi Mungu amzidishie." Akanyoosha mkono kutaka ufunguo.

Wazee wakainamia vikombe vyao. Nilimwona Baba akitafuta njia ya kutokea asiione, maana maisha yake yote hajapata kulirudisha neno lililokwisha kumtoka.

"Muhsina," akasema, "mpe ufunguo."

"Simpi, Baba."

"Nshasema, mwanangu. Ahadi ni deni. Wataka kunifedhehesha mbele za watu?"

"Anayekufedhehesha ni yeye. Heshima si utumwa."

Sikupata kumkatalia baba yangu mbele ya wenzake, na iliniuma. Lakini hasira yangu kwa Yaqoob ilikuwa kubwa zaidi. Angekuwa mgeni asiyejua ningemsamehe. Huyu alijua, na adabu ya mzee ndiyo aliyoitegea mtego.

"Dada Muhsina," akaniambia kwa upole wa kuudhi, "mambo ya wanaume haya. Mzee keshanena."

Nikautia ufunguo mkobani, nikatembea mpaka kwenye Kadilaki yake. Wazee wakanifuata kwa macho, kisha kwa miguu. Wazee wetu hawapitwi na ugomvi wa watu. Nikaupitisha mkono juu ya boneti nyekundu.

"Maashallah, Bwana Yaqoob," nikasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia yeye. "Gari zuri hili. Sijaona mfano wake Maskati nzima."

Nikangoja.

Kila aliyekuwapo alijua neno linalofuata. Hata mtoto wa chuo cha Kurani wa kwetu angelisema. Yaqoob alifungua mdomo, akamtazama Baba, akauona mkono wangu umekwisha kushika kitasa cha mlango, akaufumba mdomo.

"Rangi yake, viti vyake," nikaendelea. "Zuri mno."

"Ahsante," akasema.

Ahsante! Mzee mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Laa haula," akaimwaga chini kahawa iliyobaki kikombeni mwake. Yaqoob akaanza kueleza kwamba gari lile ni la kampuni, kwamba karatasi zake haziko kwa jina lake, na hakuna aliyemuuliza. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye shingo ya kanzu.

Nikarudi penye gari letu. Baba alikuwa amesimama na fimbo yake. Nilijua lawama zinakuja, na nilikuwa tayari kuzibeba zote, nyumbani na msibani na kila penye watu, mradi ufunguo usitoke.

"Na neno lako, Baba?" nikamuuliza.

"Nililitoa kwa muungwana," akasema, akijifungulia mlango. "Huyo hajafika. Washa gari."