Tusi Lililosemwa Chini ya Lango

Bibi Tokie Hirasawa alisimama kwenye maegesho ya magari chini ya mlima, akalitazama lile jukwaa jipya, na uso wake ukakunjamana kama mtu aliyeuma limau bovu. Jukwaa la mbao nyeupe! Lina vipaza sauti viwili, maua ya plastiki, na kitambaa kirefu kilichoandikwa KARIBUNI MTUKANE.

"Hata choo cha stendi kina heshima kuliko hiki," alijisemea moyoni.

Watu wa Onokura walikuwa na sikukuu ya matusi kila mwaka, Disemba, jua la mchana likiwa kavu na baridi. Wanaume saba wa mtaa huvaa vinyago vyekundu vya mazimwi yenye pua ndefu, kisha hupanda kimya kimya ngazi mia mbili na kumi mpaka kwenye hekalu la mlimani. Mji mzima huwafuata nyuma ukitukana. Unawatukana wao, unamtukana bosi wako, jirani, mkwe, nani sijui. Taka zote za mwaka zinatokea mdomoni. Juu kabisa watu hupiga makofi pamoja, hucheka, hushuka wepesi.

Sheria zilikuwa mbili tu, na hata mtoto wa chekechea alizijua. Matusi yanaanzia kwenye lango jekundu chini ya ngazi na yanaishia hapo hapo. La mlimani hubaki mlimani, ila linalosemwa chini ya lango, huku mjini, ni tusi kweli na halisameheki. Na ya pili, tukana upendavyo lakini neno "mwizi" usilitamke, kwa kuwa hilo hata makofi ya hekaluni hayalifuti.

Tokie alikuwa na miaka sabini na tano, magoti mazima, na ulimi ulioogopwa siku moja kwa mwaka. Alitukana kwa vitendawili. Watu walipanda wakimzunguka kama nyuki, kila mmoja anangoja kusikia nani kategewa safari hii.

Lakini kilichompandisha mlimani hakikuwa sifa. Hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee aliyosemezana na dada yake.

Dada huyo, Masue, alikuwa na miaka sabini na tisa. Miaka kumi na tisa wakipishana dukani kama nguzo mbili za umeme, hakuna salamu. Mlimani ndipo walipofunguka.

"Kikongwe, hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani wa kukucheka, figili uliyesahaulika kwenye theluji!"

Basi, wanashuka, wanapita langoni, kimya tena mpaka mwaka mwingine.

Kisa kilikuwa chungu cha mama yao. Chungu cha pumba za mchele zilizotiwa chumvi, zile ambazo unazika tango leo, kesho unalifukua limekuwa achari. Pumba hizo zina uhai. Kila siku lazima zikorogwe kwa mkono, la sivyo zinanuna na kunuka. Mama alizirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake. Mama alipokufa, Masue ndiye aliyekuwa amemuuguza miaka sita, lakini chungu kikaonekana jikoni kwa Tokie. "Mama kanipa," Tokie alisema, na hakuna aliyekuwepo wa kubisha.

Jumatatu, kwenye duka la mchele, Tokie alisikia kwamba Masue anachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi mji wa mbali, Kobe, ghorofa ya tisa. Anaondoka Alhamisi baada ya sikukuu, harudi. Leo ilikuwa Jumapili ya sikukuu. Neno alilolibana kifuani miaka yote hiyo ama lingetoka leo, ama angezikwa nalo. Asubuhi aligawa pumba za chungu nusu kwa nusu, nusu moja akaitia kwenye kopo lenye mfuniko, akalifunga kwa kitambaa. Na sasa alilikumbatia.

"Bibi Tokie! Tulikuwa tunakungoja wewe tu!"

Alikuwa bwana Shinozuka, aliyeletwa kutoka mji mkubwa kuufungua mji kwa watalii. Koti la rangi ya chungwa, tai, beji kifuani, tabasamu la muuza friji. Alimpa kadi ngumu inayong'aa.

"Hii nini?"

"Kadi ya matusi, Bibi. Yapo kumi. Kamati imeyapitisha, hayamuumizi mtu."

Tokie aliisogeza mbali na macho ili asome. "'Nywele zako zingeweza kupendeza zaidi.' Mwanangu, hili ni tusi au tangazo la saluni?"

"Wageni wanapenda mambo mepesi, Bibi. Halafu wengi hawawezi ngazi. Kwa hiyo mwaka huu tumeishusha sikukuu."

"Mmeishusha."

"Iwafikie watu."

"Na lango?"

"Lango litaonekana nyuma yenu kwenye picha. Ngazi tumezifunga kamba, kwa usalama."

Tokie alikitazama kichwa cha mtu huyo kwa muda, kama fundi anayetafuta mahali bomba linapovuja. Kitendawili kizuri kilimjia juu yake, kitamu, kifupi. Akakimeza. Hapa ni chini ya lango. Mzee Genzo, muuza tofu, aliyekuwa zimwi la mbele, alisimama kando ya kamba na kinyago chake kama ng'ombe aliyefungiwa nje ya zizi.

Gari la mwanawe Masue likaingia. Masue akashuka kwa fimbo, hatua moja, pumzi mbili. Ndipo Tokie alipoona: hata bila kamba, dada yake asingefika hata ngazi ya kumi. Mlimani pasingekuwa na mazungumzo leo wala siku nyingine.

Wakapandishwa jukwaani, wakakalishwa uso kwa uso. Wageni walijaa mbele, simu juu ya vijiti, midomo wazi, wengine wakila maandazi ya maharage huku wameupa mlima mgongo.

"Mabibi na mabwana," Shinozuka alinguruma, "mahasimu wakubwa wa Onokura!"

Masue aliikodolea macho kadi yake. "Wewe," akasoma polepole, "wewe ni mpishi wa kawaida."

Wageni wakacheka na kupiga makofi. Tokie alitamani ardhi ipasuke. Dada yake, mwanamke aliyewahi kuwaliza wanaume wazima pale juu, leo anasomeshwa kadi kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya watu wanaotafuna!

Kadi yake aliidondosha chini.

"Kitendawili."

Masue aliinua macho. Hicho hakikuwamo kwenye kadi. Shinozuka akaanza kukohoa.

"Tega."

"Mama yetu kafa miaka kumi na tisa, lakini kila asubuhi anataka kushikwa mkono, na asiposhikwa ananuna."

Fimbo ya Masue, iliyokuwa ikigongagonga mbao, ikatulia.

"Chungu cha pumba," alisema. "Chungu cha Mama."

"Umepata."

Masue aligeuka akalitazama lango nyuma yao, akapima kwa macho. Halafu akamgeukia mdogo wake. "Hapa ni chini, Tokie."

"Najua, dada."

"Linalosemwa hapa halifutwi."

"Najua. Sema."

Miaka kumi na tisa Masue alipanda na neno moja shingoni, na sikukuu ikamkataza. Sasa sikukuu haikuwepo. Alisogea kwenye kipaza sauti kama anayetaka hata marehemu wasikie.

"Mwizi."

Mzee Genzo alivua kinyago.

"Ndiyo, dada," Tokie alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilikiiba. Ulikuwa unaosha vikombe vya wafiwa. Nikakipakia kwenye baiskeli. Mama hakunipa. Hakunipa kitu."

Wageni walishangilia. Mmoja alipiga mluzi. Shinozuka alirukia jukwaani akipangusa jasho la furaha.

"Safi sana! Mabibi, mnaweza kulirudia lile neno mkiwa mmegeuka huku? Jua lilikuwa nyuma yenu."

Masue alimtazama kuanzia viatu mpaka beji. "Mpumbavu," alimwambia, taratibu, bila kadi. Na kwa kuwa alilisema chini ya lango, hilo nalo likabaki.

Tokie alifungua kitambaa, akaweka kopo kwenye magoti ya dada yake. Masue alichovya kidole, akakilamba, akafumba macho.

"Chumvi haitoshi."

"Kobe kuna chumvi."

"Na mkono wako una baridi. Umezipoza."

"Basi zipashe wewe."

Masue alifunga mfuniko, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili. Mwanawe alipotaka kumbebea, alimpiga kofi mkononi. Gari lilipoanza kuondoka, kioo kikashuka.

"Ijumaa nipigie simu, nikufundishe kukoroga! Miaka yote hiyo unamsumbua Mama tu!"

Tokie alisimama mpaka gari likapotea kwenye kona ya duka la mchele. Kisha akajifuta pua, akainama, akapita chini ya kamba ya usalama. Genzo alivaa kinyago akamfuata, na mazimwi sita, na mtaa mzima nyuma yao. Shinozuka alipiga kelele kwamba hairuhusiwi, hakuna aliyegeuka.

Mara tu alipolipita lango jekundu, Tokie alishusha pumzi, akakitoa kile alichokimeza.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi!"

"Kina tai, kina beji, kina koti la chungwa. Kichwa kimesahaulika ofisini!"

Hakuna aliyehitaji kufikiri. Jibu lilitoka kwa watu mia tatu kwa pamoja, na bwana Shinozuka, kule chini kwenye maegesho, alilisikia jina lake vizuri kabisa.