Staringi Aliyechoka Kufa

Uvuvi ukifungwa Ziwa Mweru, samaki huzaana na wanaume hubishana. Kalaba ana kibanda cha video hapa Nchelenge, na mbishi mwenzake ni Ambroise, rafiki yake tangu utotoni, enzi baba yake Kalaba alipokuwa akiuza chumvi ng'ambo, upande wa Kongo. Vita vilimtoa Ambroise huko. Sasa analima mihogo Mantapala, kambi ya wakimbizi, akisubiri kumfuata mkewe Mathilde, aliyepelekwa na watoto nchi ya baridi. Yeye aliambiwa na ofisi ya kambi kwamba maelezo yake hayajaeleweka.

Mabishano yenyewe yanachosha. Kalaba anasema filamu ni za karate, na ile ya mwanajeshi waliyoipenda utotoni ni upuuzi, kwani staringi anakufa kijinga: anarudi darajani kuchukua kofia. Ambroise anasema anarudi kumwokoa mtoto. Basi wakaitafuta, wakaicheza. Risasi zikalia, staringi akageuka, akaanguka, kofia hapa, mtoto pale. Kila mmoja akasema, si unaona? Wakairudisha. Kesho yake wakairudisha tena, mpaka wateja waliokuja kutazama mpira wakahamia kibanda kingine.

Jumamosi staringi aligeuka, akawatazama, akatoka kwenye runinga na kuketi kwenye benchi la mbele. Suruali ilikuwa imelowa maji ya mto. Alisema Kiswahili cha Kongo, maana ndicho mkalimani wa video alichomtafsiria zamani.

"Minachoka kukufa," alisema. "Mubishane, lakini miye sirudi mule."

Walimpa ubwali, ugali wa huku, na dagaa. Kalaba akamuuliza ilikuwa kofia au mtoto. Akajibu kwamba hajui, aliambiwa tu ageuke.

Kwa kuwa hakuwa na pa kulala, Ambroise alimpeleka Mantapala akaandikishwe. Ofisini staringi alisimulia mto, daraja, risasi na mtoto, kila kitu kwa mpangilio, na alipoombwa arudie, alirudia neno kwa neno. Afisa alifuta machozi. Kwa hiyo ilikuwa mtoto, na Ambroise akawa ameshinda ubishi.

Yeye mwenyewe amehojiwa mwaka baada ya mwaka. Katika maelezo yake, mara askari walifika asubuhi, mara adhuhuri. Mara alikimbia na kaka yake, mara kaka alikuwa ameshakufa. Inaudhi hata kueleza, lakini mtu anayekimbia hatazami saa. Afisa yuleyule alimwambia kwamba hadithi yake inafanana na filamu.

Staringi alipandishwa ndege kwenda nchi ya baridi kabla ziwa halijafunguliwa. Hakuwa mtu mbaya. Alimwachia Ambroise jembe alilogawiwa, likiwa jipya kabisa.

Filamu bado wanaitazama. Maadui wanajificha nyuma ya mawe, wanasubiri, mmoja anapiga miayo, na darajani hapiti mtu. Kalaba anasema sasa imeharibika kabisa. Ambroise hambishii tena, na hilo linamkera Kalaba kuliko ubishi wenyewe.

Juzi Mathilde alipiga simu. Wamepata jirani mpya, mwanaume mpole, anacheza mpira na watoto, tena anaongea kama watu wa kwao. Watoto wameshamzoea. Kisha akauliza, "Na weye, utakuya lini?"

Ambroise akamwambia ameitwa ofisini Jumanne. Wanataka asimulie tena, tangu mwanzo.