Foka Basi, Bi Leocadia

Bi Leocadia Ferrandis alikuwa na mdomo. Hilo mtaa mzima wa El Carmen, mjini Valencia, unalijua, na yeye mwenyewe hakulikana hata siku moja. Marehemu mumewe, mtu mpole, alizoea kusema kwamba mkewe akikohoa tu, muuza samaki sokoni anashusha bei. Lakini mdomo huo uliowatia adabu wauza samaki, mafundi bomba na mapadri wawili, ulikuja kushindwa na vitoto vya miaka ishirini vinavyoburuta mabegi ya magurudumu.

Walianza kuja miaka minne nyuma, Bwana Casimiro Sanchis alipoigeuza nyumba yake kuwa ya wageni. Ghorofa ya kwanza vitanda, ya pili vitanda, ya nne vitanda, hata stoo ya makaa ikapigwa vitanda. Ya tatu tu ndiyo ilimshinda, maana humo alikaa Bi Leocadia na mkataba wake wa zamani, ambao wakili wa Casimiro aliusoma mara mbili kisha akavua miwani na kuomba kahawa. Kumfukuza haiwezekani. Basi Casimiro akasema moyoni: simtoi mimi, watamtoa wageni.

Na wageni walijitahidi, tuwape haki yao. Walitoka Uholanzi, Uingereza, Ujerumani, huko ambako nasikia mtu husubiri taa ya kijani ndipo avuke barabara, hata gari lisiwepo. Wakitua Valencia adabu wanaiacha uwanja wa ndege. Labda kuna kabati lake pale. Waliimba ngazini usiku wa manane. Walitapika kwenye vyungu vya maua. Walivaa makofia mapana ya Meksiko, wakijipiga picha na kusema, hii ndiyo Hispania!

Kila usiku Bi Leocadia alitoka roshanini na gauni lake la kulalia, ndoo ya maji mkononi, akawachambua.

"Nyie mbuzi wa mjini! Mama zenu wanajua mlipo? Wewe mwekundu kama kamba wa kuchemsha, kwenu hakuna kitanda? Na wewe unayekojolea mlango wa kanisa, mkono ukukauke, na hicho ulichokishika kikauke nao!"

Maji yakafuata. Wao hawakuelewa hata neno moja. Walimpungia mikono.

Kufikia majira ya baridi yale, mama wa watu alikuwa amekonda, macho yamevimba, anasinzia akimenya machungwa. Mpwa wake Nelo akampigia simu kutoka Alcoi. "Shangazi, utajiua bure. Huku kwetu kimya, mpaka unasikia punda akitafuna. Jumapili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu nakuja na gari, nakuchukua." Bi Leocadia akakubali. Alipokata simu alilia sana, kwa kuwa alizaliwa kwenye chumba kile cha nyuma, akaolewa akitokea humo humo, na akataka atolewe humo akiwa amelala chali, si akiwa amebeba begi.

Sasa, ikaja sikukuu yetu ya Falla. Kila mtaa ulijenga masanamu yake ya kumcheka fulani na fulani, yasimame siku chache kisha yachomwe usiku wa Mtakatifu Yosefu. Na mwenyekiti wa kamati ya mtaa wao alikuwa nani? Casimiro huyo huyo! Sanamu zetu zina sheria ambayo haikuandikwa popote: mwenye kumcheka mtu hamtaji jina, na mwenye kuchekwa halalamiki. Ukilalamika, umejitambua. Ukitaja jina, umelivunja fumbo, na wewe ni mshamba tu, hata uvae tai.

Asubuhi sanamu ziliposimamishwa, Bi Leocadia alifungua dirisha akajiona. Gauni lake la kulalia, vibiringisho vyake vya nywele, ndoo mkononi, na mdomo uliopanuliwa mpaka njiwa alikuwa amekwisha kaa ndani. Mtaa mzima ulikuwa chini, unasubiri.

Alishuka ngazi. Rafiki yake Pura, anayekaanga maandazi ya boga pale mlangoni, akamshika mkono na kumnong'oneza. "Leo, shoga yangu, jikaze. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Ukifoka hapa umekwisha."

"Niachie mkono, Pura. Nimezaliwa mtaa huu."

Casimiro alisimama kando ya sanamu, tumbo mbele. "Haya, Bi Leocadia! Unaionaje kazi yetu?"

Mama akaizunguka sanamu polepole. Akainua pindo la gauni, akalishusha. "Nzuri. Nzuri mno, Bwana Casimiro. Mungu amrehemu."

"Amrehemu nani?"

"Si mama yako huyu? Meno yake kabisa! Na sisi tulisema mtoto huyu hakumpenda mama yake. Kumbe!"

Weee! Mtaa ulilipuka. Pura aliangusha mwiko kwenye mafuta. Mpiga tarumbeta wa kamati alikaa chini kwenye vumbi akishika mbavu. Casimiro akageuka rangi kama boga lile lile la maandazi, na akafanya kosa ambalo mtoto wa mtaani kwetu halifanyi.

"Si mama yangu! Ni wewe! Ni wewe Leocadia, wa ghorofa ya tatu, kila mtu anajua!"

Vicheko vikakatika. Wazee wakatazamana. Amelitaja jina! Mwenyekiti mzima! Wanakamati wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanajifanya wana haraka.

Ila waliokuwa na simu mikononi hawakuondoka. Wageni wawili watatu walikuwa wamekwisha mrekodi Casimiro akinyoosha kidole ghorofa ya tatu, na kabla jua halijazama vijana wote wa mabegi walijua kwamba bibi wa sanamu yupo, anapumua, na ndoo anayo. Usiku walijaa chini ya roshani, wanapiga makofi na kuita kwa neno moja la Kihispania walilojifunza: "Abuela! Abuela!" Yaani bibi.

Bi Leocadia akatoka. Alifoka siku ile, jamani! Alitoa ya moyoni, ya miaka minne yote, sauti ikapanda mpaka mbwa wakaitikia. Alipomaliza walishangilia. Alipomwaga maji walisukumana ili yawapate. "Tena! Tena!"

Aliingia ndani akafunga mlango, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Tusi lilimuumiza kidogo. Makofi ndiyo yaliyomuua. Mtu una hasira ya kweli, hasira ndiyo silaha pekee uliyobaki nayo, halafu watu wanaifurahia kama ngoma ya harusi. Alivuta begi kutoka uvunguni, akaanza kukunja nguo.

Kesho yake Casimiro alipanda na maua. Hana haya mtu yule. "Bi Leocadia, yaliyopita si ndwele. Nimebandika tangazo kwenye mtandao: vitanda safi, na bibi mkali kila usiku, bure. Nimejaza mpaka Pasaka! Wewe foka tu kama kawaida yako. Hata safari ya Alcoi haina haja tena."

"Toka."

"Ndiyo hiyo! Sauti hiyo hiyo!"

Usiku wa Mtakatifu Yosefu sanamu zikachomwa. Bi Leocadia alijitazama anavyoungua, mdomo ukiwa wa kwanza kuanguka.  Usiku uliofuata alitoka roshanini kwa sababu ndani kulikuwa na joto, akakaa kwenye kiti, ndoo akaiweka ukingoni, akafumba mdomo. Amechoka. Wafoke wenyewe.

Kule chini wakamwona. Kijana mmoja akaanza kuimba. Mwenzake akamziba mdomo. "Shhh! Ataanza sasa hivi!" Simu zikainuliwa. Aliyecheka alipigwa kiwiko, maana angewaharibia picha. Aliyekuja na spika aliizima. Mtaa ukatulia mpaka chemchemi ya uwanja wa pili ikasikika, na Bi Leocadia akagutuka kitini. Kitu gani hicho? Ilimchukua muda kukitambua. Kilikuwa kimya.

Wakangoja, naye akangoja. Kisha akasinzia pale pale, kichwa begani, na wao wakaendelea kungoja, maana kila aliyetaka kuondoka aliogopa asije akakosa.

Na usiku wa pili vivyo hivyo. Maneno aliyoyameza usiku aliyapeleka sokoni asubuhi, na muuza samaki akajuta kuzaliwa.

Jumamosi Casimiro alikuja mbio amevaa kandambili. Wageni walikuwa wamemwandikia ubaya mtandaoni: nyota moja, bibi hafoki. Akasimama katikati ya kundi, akaelekeza uso juu. "Foka basi, Bi Leocadia! Foka, mwanamke! Nimewaahidi watu!"

"Shhh!" wakamjia juu kwa lugha tano.

"Msininyamazishe! Nyumba yangu hii! Leocadia! Foka, nakuomba!"

Mtu akamtambua kuwa ndiye yule wa video ya kunyoosha kidole, simu zote zikamgeukia yeye. Mdomo wake ulikuwa umepanuka vizuri kabisa, na Pura, aliyekuwa anafunga kibanda chake, akamwambia fundi wa sanamu aliyekuwa akipita aangalie meno yale vizuri kwa ajili ya mwaka ujao.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Bi Leocadia mshindo huo hakuusikia. Alikuwa anakoroma.

Jumapili Nelo alifika na gari, akapiga honi. Hakuna. Akapiga tena. Vijana waliokesha ukutani wakamnyamazisha, wameweka vidole midomoni mwao. Mwishowe dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka kidogo, akatokea shangazi yake na alama ya mto shavuni, macho hayajavimba.

"Shangazi! Begi liko wapi? Twende!"

"Shusha sauti, mwanangu," alisema Bi Leocadia, polepole, ili wale wa ukutani wasije wakapata walichokuwa wakikingoja. "Begi nimelirudisha uvunguni. Nina usingizi wa miaka minne, sijaumaliza."

Akafunga dirisha.