Besi ya Siku Moja

Kwenye bendi ile sheria ilikuwa moja, na haikuandikwa popote: ukikosa kuja, lete mtu wa kukushikia nafasi, na umfundishe mwenyewe. Ukileta bomu asiyejua kupiga, lawama zako. Ukileta fundi, shauri yako vilevile.

Mkimya, kama walivyomwita kwa kuwa besi yake ilisema kuliko mdomo wake, alikuwa na miezi saba pale. Ndiyo kazi aliyoililia tangu amalize shule. Kiongozi wa bendi alikuwa ameshatamka kwamba atakayepiga besi kwenye albamu ndiye atakayeajiriwa. Basi kijana wa watu akajifungia chumbani, akatunga besi ya nyimbo zote nane, akazirudia na kuzirudia mpaka mama yake akawa anaziimba jikoni huku anamenya vitunguu.

Ikakaribia siku ya mama kufanyiwa upasuaji wa macho. Mkimya akamwita rafiki yake wa tangu utotoni, mpiga besi naye, aliyekuwa anasota bila bendi. Wakakaa kitandani siku mbili, akamfundisha kila kitu, hadi pale pa kunyamaza. Hakumficha hata chembe. Ndivyo alivyo huyu mtoto. Angemficha kidogo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

"Ni mazoezi tu," alimwambia. "Keshokutwa narudi."

Asubuhi ya upasuaji studio ikapata nafasi ghafla. Albamu nzima ikarekodiwa wakati Mkimya yuko kwenye benchi la hospitali, simu ameizima, mkoba wa mama mapajani. Aliporudi, rafiki yake ndiye aliyesimama kando ya dramu, macho chini.

"Ndugu yangu, ningekataaje?"

 Mkimya alibeba gitaa lake akaondoka. Nyumbani aliyaficha haya. Kila siku aliaga anakwenda mazoezini, kumbe anazunguka kwenye bendi za watu kuomba nafasi, na kila mahali anaambiwa tutakuita.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mama akapiga kelele kutoka jikoni.

"Njoo upesi! Wanakupiga redioni!"

Mkimya akasimama mlangoni. Mama alikuwa anaimba besi, kisu mkononi, uso wote unacheka. Halafu akanyamaza. Akasogeza sikio kwenye redio.

"Huyu si wewe."

"Ni mimi, mama. Studio hubadilisha sauti."

"Acha kunidanganya. Nimekusikia ukutani miezi yote hii. Wimbo ni wako, mkono si wako." Akaweka kisu chini. "Walirekodi lini?"

Angeweza kutaja siku yoyote ile. Kalenda ina siku tele. Lakini aliangalia sakafu, na mama akapata jibu lake.

"Siku yangu ya hospitali?"

"Mama, yameshapita."

"Si ningekwenda na shangazi yako?" Machozi yakamtoka. "Baba, si ungeniambia tu, nikaenda na shangazi yako?"

"Usilie, mama. Daktari amekukataza kulia."

Akamfuta machozi kwa kiganja, taratibu, asije akamgusa macho. Ya kwake hakuyafuta.