Mlinzi Aliyekwenda Urambo

Usingizi unamchukua Nyamizi akiwa na hasira, na hasira haimwachi hata huko aendako. Ni alasiri, sahani za wageni bado ziko mezani, mifupa ya kuku imekauka pembeni mwa wali, naye amejitupa kwenye kochi akilikodolea macho kabati la vioo. Ndani ya kabati wamejipanga watu wake wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole: mpishi wa chombo cha anga, mwanamke anayepita nyuma ya malkia na chupa mkononi, fundi ambaye filamu nzima anaonekana mgongo tu. Hana shujaa hata mmoja. Mashujaa wana watu wao. Nyamizi huchakura marundo ya midoli ya mitumba sokoni Tabora akiwatafuta wale wa filamu za vita vya nyotani wanaotokea mara moja, wakafa, na hakuna anayewauliza majina. Leo katikati ya safu kuna pengo. Hapo alikuwa akisimama mlinzi wa mlangoni, kofia ya kijivu, mkono juu, mpaka mchana huu dada yake Kalunde alipokuja kutoka Urambo na mwanawe Brayani, Brayani akaanza kulililia kabati, na Kalunde, bila hata kumtazama mwenye nyumba, akafungua kioo akampa. Mtoto wa mgeni akilia anapewa, ndivyo tulivyolelewa sote, na mwenye nyumba anatabasamu. Nyamizi alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Dada, si huyo, alisema, mpe mwingine. Kalunde akacheka. Yaani mtu mzima unamnunia mtoto kwa ajili ya kidude? Kisha wakaenda zao kupanda basi, kichwa cha mlinzi kikiwa mdomoni mwa Brayani.

Kidude! Kana kwamba Kalunde hakuwepo siku ile. Kaka yao Mihayo, Mungu amrehemu, alikuwa akitafsiri filamu kwenye kibanda cha video kule Isevya, kipaza sauti mkononi, na mlinzi huyo alipopigwa mwali wa bunduki akaanguka, Mihayo alimsemea sentensi moja, na kibanda kizima cha watu waliokuwa wakipiga kelele kikanyamaza. Kila Nyamizi alipomshika mlinzi, sentensi ile ilimjia yenyewe. Sasa anaitafuta na haipo. Dada yake ameondoka nayo. Anavimba kwa hasira, analikodolea macho pengo, na pengo linapanuka, linakuwa mlango, linakuwa barabara, naye yumo, peku, akitembea juu ya kioo. Barabara haina mwisho. Inakwenda, inajikunja, inarudi ilikotoka, na kila inaporudi imebadilika. Juu ya kioo kuna mji umesimama, na chini yake mji uleule umening'inia miguu juu, maduka yaleyale, milango ileile ya bluu, na wanawake wa juu na wa chini wanafagia kwa ufagio mmoja. Mbele yake anatokea mtu asiye na uso. Hakuuficha, umefutika, kama rangi ya mdoli aliyechezewa na watoto wengi. Mwenyeji, anasema Nyamizi, namtafuta mlinzi wa mlangoni. Asiye na uso anajibu, Kitendawili. Nyamizi anafoka, Sikuja hapa kutegewa vitendawili! Kitendawili, anarudia yule, kwa upole unaoudhi kuliko tusi. Haya, tega basi! Nilipomshika sikumwona, alipoondoka nikamwona. Nyamizi hajui, na wala hataki kujua. Upuuzi mtupu, anasema. Basi umeshindwa, nipe mji.

Kila mtoto anajua kwamba aliyeshindwa kitendawili anatoa mji, na kwamba mji huo ni maneno tu. Nyamizi anaweza kutoa mji wowote duniani. Chukua Urambo, anasema, na anasema kwa raha, chukua na stendi yake na tumbaku yake, na huyo Kalunde humohumo ndani, anayegawa vya watu! Asiye na uso anainama, anachukua. Milango ya bluu inafifia, wanawake wanafifia, ufagio unabaki peke yake juu ya kioo, kisha nao haupo. Nyamizi anaona kwamba watu wanatoweka. Hasira inamwambia asione. Barabara inajikunja tena, inamleta kwa yuleyule, au kwa mwingine kama yeye, na Kitendawili, na Tega, na Nipe mji, naye anatoa Nzega, anatoa Sikonge, anatupa miji kama anayemwaga maji machafu uani, mpaka juu ya kioo na chini yake hakuna kitu isipokuwa kibanda kimoja cha mabati. Anakijua. Ndani kuna sauti ya mtu inakwaruza kwenye spika mbovu, maneno hayasikiki vizuri, lakini sauti ni ya Mihayo. Nyamizi anakimbilia mlango. Asiye na uso keshafika, amesimama hapo, mkono juu. Kitendawili. Tega, tega upesi! Mtu asiye na jina akianguka, kaka yako alisema nini? Nyamizi anafungua kinywa, kitupu. Nipe mji. Sina mji mwingine, umeshachukua yote. Unao huu hapa, anasema asiye na uso, na anaanza kubandua bati la kwanza bila haraka, kama mtu anayefungua kabati la mwenzake. Hapo Nyamizi analipuka. Acha! Ondoa mkono wako! Huyu naye ana kwao!

Ndiyo yenyewe. Ndiyo sentensi ya Mihayo, imemtoka na sauti ya Mihayo, nzito na yenye mikwaruzo, na mlango unafunguka. Kwenye mabenchi wamekaa mpishi na mwanamke wa chupa na fundi, na mbele kabisa Mihayo amewapa mgongo, kipaza sauti mkononi. Kaka, geuka, anasema Nyamizi. Mihayo hageuki. Anawaambia watazamaji, kama anayeeleza filamu, Huyu dada mnayemwona, jamani, amegawa miji na watu wake ndani, na hakuwauliza majina. Walianza wao! Nyamizi anapiga kelele, machozi yanamtoka, Kalunde ndiye aliyeanza! Mihayo ananyoosha mkono nyuma bila kutazama, anamtilia kitu kidogo kiganjani. Na Urambo je? anauliza Nyamizi. Lakini taa ya kibanda inawaka, mwanga unamuumiza macho, na ni mwanga wa dirishani kwake, na sahani zilezile mezani.

Mkononi ana mlinzi. Kofia ina alama za meno, na bado ina mate. Nyamizi anampigia simu Kalunde, hapatikani. Anatoka uani, jirani yake Mama Yusta anasugua sufuria. Mama Yusta, basi la mwisho la Urambo linaondoka saa ngapi? La wapi? Urambo. Mama Yusta anamtazama. Mji huo uko mkoa gani? Usinitanie, leo usinitanie kabisa! Sikutanii, mwenzangu, umeamka vibaya. Nyamizi anakumbuka jinsi alivyoutoa. Kisha anasema, karibu kwa kupiga kelele, Kitendawili! Mama Yusta anacheka. Haya, tega. Anasimama mlangoni, haingii wala hatoki, akifa watu wanaendelea kula karanga. Komeo? Hapana. Mjusi? Hapana! Basi nimeshindwa, chukua Mwanza. Sitaki Mwanza, nipe Urambo. Chukua, chukua huo Urambo wako, sijui utauweka wapi.

Ndani simu inaita. Ni Kalunde. Nyamizi anashika ukuta, moyo unataka kumshukuru Mungu, lakini dada yake keshaanza. Wewe, kile kidude kimepotea, Brayani alisinzia nacho kwenye basi, kuamka hakipo, na sasa hanyamazi, hebu nitafutie kingine. Hasira yote inarudi, mbichi. Nyamizi anamkumbatia mlinzi kifuani, anavuta pumzi, na kwenye simu anasema, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, Huyu naye ana kwao. Mtoto anaacha kulia papo hapo. Basi halisikiki, watu hawasikiki. Halafu Kalunde, kwa sauti ndogo ambayo Nyamizi hajaisikia tangu siku ya mazishi, anauliza, Mihayo?