Kengele ya Chumba cha Giza

Katika nchi ya Yakini, siri za vita zilisafirishwa kwa cheche, moja moja, ndani ya bomba la shaba lililotoka Mnara wa Amana hadi chumba cha giza cha ikulu. Aliyeitazama cheche aliizima. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni, hivyo mwizi yeyote angeacha pengo: cheche aliyoitazama isingefika ikulu. Chumbani alikaa Basira, mwenye jicho kali kuliko wote. Alipoona cheche, alipiga kengele. Sultani Ghururi aliharamisha kulikagua jicho hilo, akisema kukagua ni kuikufuru kanuni.

Kisha mji wa mpakani ukatekwa. Adui alijua kila siri, na pengo halikuonekana hata moja. Basira akahukumiwa kupofushwa.

"Kanuni haivunjiki," alisema Waziri Kibri. "Basi msaliti ni wewe, bibi. Au tuikamate kengele?"

Baraza likaangua kicheko. Basira alikitazama chuma chekundu motoni. Alikumbuka mwanga mweupe hafifu uliojaa chumbani mwezi mzima, ambao hakuutaja kwa kuogopa kuambiwa amezeeka.

"Mtukufu, kabla chuma hicho hakijanigusa, keti wewe chumbani. Ukiona cheche, piga kengele."

Sultani hakutaka kuonekana mwoga. Akaketi. Nje ya chumba, Basira akafungua kiungo cha bomba, akaingiza taa yenye mwanga mtulivu. Mnara ukatuma cheche kumi. Kengele kimya. Basira akapandisha utambi mara tatu. Kengele ikalia mara tatu.

"Nimeona cheche tatu!" Sultani alitoka akijigamba.

"Hizo ni za taa yangu, Mtukufu. Kumi za Mnara zimekupita, zimemezwa na mwanga mtulivu kama ule uliojaa chumbani mwangu mwezi mzima. Mwizi huzisoma yeye, kisha hunimulikia zake, kali zaidi, kwa mpangilio uleule. Pengo litatoka wapi?"

"Kwa hiyo kanuni imevunjika?"

"Kanuni ni nzima. Kilichoharibiwa ni jicho langu, nami nilikosa kwa kunyamaza."

Hakuna aliyecheka. "Siku tatu," alisema Sultani. "Mwizi asipopatikana, chuma kitarudi motoni."

Basira akaomba kitambaa kizito ambacho cheche haiwezi kukipenya. Tangu hapo alijifunika macho kwa nyakati alizozijua peke yake. Siku ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Ya tatu, wahunzi walikwisha kuanza kuvuta mivukuto uani, naye akiwa amejifunika, mwanga ukapenya kitambaa, mkali kuliko cheche yoyote ya Mnara.

Mkono ulienda kwenye kengele kwa mazoea. Akaurudisha.

"Askari!" aliita. "Lifuateni bomba. Yumo kazini sasa hivi."