Mwanaume wa Sura ya Tatu

Jumanne asubuhi, kwenye pampu ya maji ya Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, foleni ya madumu ilikuwa imefika hadi ukuta wa kanisa. Onesphore alitokea nyuma ya madumu hayo akiwa na shati la bluu lililopigwa pasi, akauliza ni mama gani aliyefika wa kwanza. Kisha akasukuma pampu mpaka wote wakajaza. Wanawake walimtambua mara moja, kwa kuwa jioni iliyotangulia walikuwa wamemsoma. Alikuwa mwanaume wa sura ya tatu.

Aliyemwandika ni Bernardine, Mrundi, mtunzi wa riwaya za mapenzi. Daftari lake huzunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake hukaa pamoja wakiambua maharage, mmoja husoma kwa sauti, na wenzake humwambulia ya kwake, kwa sababu huwezi kushika maganda na ukurasa kwa wakati mmoja. Humo daftarini ndimo Onesphore alimotoka, na hakuna aliyeona haja ya kumhoji zaidi. Alipewa mkeka kwenye chumba cha nyuma cha Bernardine. Alifanya yaliyoandikwa: alifika saa aliyosema atafika, alisuka nywele za mwanamke bila kumvuta, na alipiga mluzi akiosha vyombo. Wanaume wa Rubondo walinuna kidogo, wakazoea.

Shida ilikuwa daftari. Nyirabizimana, Mkongomani wa Kivu Kusini anayeuza karanga soko la Misiera, alikwenda nalo sokoni ili asome wateja wakipungua. Karatasi za kufungia zikamwishia. Akachana ukurasa mmoja akidhani ni mtupu, akafunga karanga, mteja akaenda nazo Endiinzi, nje ya kambi. Ulikuwa ukurasa wa mluzi. Tangu siku hiyo Onesphore anakunja midomo, hewa inatoka, basi.

"Dada, unisamehe," alisema Nyirabizimana. "Batu balikuwa mingi, sikuangalia muzuri."

"Si weye," Bernardine akamjibu. "Ni karatasi. Na mvua itamaliza yenye imebaki."

Mvua ilikuwa imeanza. Paa lilivuja juu ya sura ya tano, na Onesphore akaamka bila kidole kidogo cha mguu. Kilichohitajika kilikuwa wazi kwa kila mtu: kitabu cha kuchapwa, nakala nyingi, ili mtu huyu asiishe.

Basi Bernardine akaenda naye Mbarara. Ofisi ya mradi wa vitabu iko ghorofani, juu ya duka la saruji. Mhariri anaitwa Nkusi na ni mtu mwenye adabu. Aliwapa viti, akawamiminia chai, akasoma daftari lote wao wakimsubiri.

"Mama, hii kitabu iko tamu sana," alisema. "Lakini wewe iko mkimbizi. Vita iko wapi?"

"Hakuna vita. Ni mapenzi."

"Watu nataka kujua vile nyinyi naumia. Mapenzi hata sisi iko nayo." Akamtazama Onesphore kuanzia kichwani hadi viatuni, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. "Huyu iko na mikono yote mbili. Nani atalia? Toa mkono moja, ukurasa ya kwanza. Mimi nachapa."

Hasira ilimpanda Bernardine mpaka masikioni. Kila mwenye kalamu aliyewahi kufika Nakivale alimwuliza nani aliuawa, wapi, mbele ya nani. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza alipendwa na nani. Aliandika mapenzi kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyekuja kumwomba akitoe, na sasa huyu hapa, na birika lake la chai, alikuwa anakitaka kiletwe kikiwa kimekatwa. Alisimama aondoke.

Onesphore akamshika bega. "Kaa, mama. Na mkono moja nitakuwa bado niko. Na yote mbili, hii mvua itanimaliza."

Bernardine akaandika palepale, juu ya meza ya Nkusi. Ilitosha sentensi moja. Onesphore alikuwa amepanda ngazi na mikono miwili, akashuka na mmoja, na Nkusi akawashikia mlango.

Kitabu kilitoka. Sura ya kusuka nywele iliondolewa kwa kuwa haikuwezekana tena. Hotelini kulifanyika sherehe, Onesphore akaombwa ainue mkono uliokatika, wageni wakalia, halafu wakala sambusa. Kitabu kinasema alikatwa na watu wasiojulikana. Wanajulikana. Mmoja alishika kalamu na mwingine alimimina chai.

Karatasi ni nzuri, nakala ni nyingi, na Onesphore atatuzika sote. Anasukuma pampu kwa mkono mmoja, na mwanamke aliye mbele ya foleni humsaidia kushika mpini. Jumapili wanawake wanakwenda kanisani wamefunga vitambaa juu ya nywele zisizosukwa.

Wiki iliyopita Nkusi alipiga simu.

"Mama, watu nalia sana. Wewe lete mwingine. Huyo sasa akose macho."

"Sina mwingine," alisema Bernardine.

Alikuwa anadanganya. Mwingine anaitwa Venuste, alikuwa amefika Alhamisi, na wakati huo alikuwa jikoni akipuliza moto, macho yake yote mawili yakitoa machozi ya moshi tu. Daftari lake liko juu ya kabati, mahali pasipovuja sana, na halitakwenda Mbarara. Bernardine alizima simu, akaenda kusimama mlangoni mwa jiko, akamwangalia sana, maana mvua zimeanza tena na Venuste hatafika Krismasi.